Gari Limekufa na Madeni Yamezidi: Tufanye Nini?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mtu anayo penseli na daftari lake, maana leo tutasoma na tutafanya hesabu pia. Mwalimu aliye karibu na ubao naye awe tayari na chaki.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi huliona aibu kulitaja. Ni habari ya mtu mwenye gari la kazi, gari ambalo ndilo linaloilisha nyumba yake. Gari hilo limekufa. Wakati huo huo madeni yake yamezidi mali aliyo nayo. Je, mtu huyo atafute gari jingine? Kama atafute, alipate kwa njia gani? Na kama mambo yakifika mahakamani, sheria itasema nini?

Hapa kwetu Engutoto, na katika Arusha nzima mpaka miguuni mwa Mlima Meru, jambo hili si geni. Kila Jumatano na kila Jumamosi soko la Tengeru hujaa ndizi, nyanya, kabichi na vitunguu. Mazao hayo hayana miguu. Hubebwa kwa kirikuu, kwa pikipiki za matairi matatu, na kwa malori, yakaletwa mjini katika soko la Kilombero na masoko mengine. Wenye vyombo hivyo wengi wamevipata kwa mkopo. Chombo kikifa, mkopo haufi pamoja nacho.

MFANO WA BWANA MCHUKUZI

Tuchukue mfano. Mtu nitakayemtaja si mtu fulani mnayemjua. Ni wa mfano tu, nasi tutamwita Bwana Mchukuzi. Yeye ana mke na watoto watatu. Ana kirikuu moja, na kazi yake ni kuchukua mazao kutoka Tengeru kuyaleta mjini, mwendo wa kiasi cha kilometa 13.

Siku moja ya soko, injini ya kirikuu ilichemka, ikatoa moshi, ikazima. Fundi akaifungua. Akatikisa kichwa, akasema, “Mzee, injini hii imekwisha. Ukiitengeneza, fedha utakazotumia zitakaribia kununua gari jingine.”

Bwana Mchukuzi hakumwambia mkewe neno. Aliondoka nyumbani kila alfajiri kama desturi yake, akashinda kijiweni. Jioni alirudi kwa njia ya nyuma, ili asipite mbele ya duka la vipuri analodaiwa. Simu ikilia, aliitazama tu, akairudisha mfukoni.

Siku ya sita alikuja na habari njema, au habari aliyodhani ni njema. Hebu tusikilize mazungumzo yao.

Mume: Mama Watoto, nimepata gari jingine. Kuna mtu mjini anayetoa kirikuu za mkataba. Natoa shilingi 3,000,000 kwanza, halafu kila wiki nalipa 150,000 kwa wiki 60. Baada ya hapo gari ni letu.

Mke: Na hizo milioni tatu, Baba Watoto, zitatoka wapi?

Mume: Yupo mtu anakopesha. Riba yake ni asilimia 20 kwa mwezi. Anataka tuweke nyumba kuwa dhamana. Wewe utatia sahihi tu.

Mke: Nitatia sahihi? Mimi sijui hata gari letu lina nini. Siku sita hizi unatoka asubuhi, lakini nguo zako zinarudi bila harufu ya vitunguu. Nimenyamaza nikikungoja uniambie.

Mume: Gari limekufa, mke wangu.

Mke: Basi kaa kitini, baba. Kabla ya sahihi yangu, niambie kwanza tunadaiwa na nani, na kila mmoja anatudai kiasi gani. Mtoto wetu alete daftari.

Ndugu wasikilizaji, mama huyu alikuwa mwanafunzi wa darasa la watu wazima kama ninyi. Na neno lake, “mtoto alete daftari,” ndilo lililoiokoa nyumba ile. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Deni nalo ni namna ya maradhi. Dawa yake ya kwanza ni kulitaja, na dawa ya pili ni kuliandika.

HATUA YA KWANZA: ANDIKA MADENI NA MALI

Mwalimu, gawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja andika MADENI, na upande wa pili andika MALI. Nasi tuandike pamoja.

Madeni ya Bwana Mchukuzi ni haya:

SACCOS: shilingi 4,200,000
Mkopeshaji wa mtaani: shilingi 1,500,000
Duka la vipuri: shilingi 650,000
Jirani: shilingi 400,000
Ada ya shule: shilingi 250,000

Jumla ni shilingi 7,000,000.

Mali yake ni hii:

Kirikuu mbovu, kama ilivyo: shilingi 2,500,000
Akiba iliyoko SACCOS: shilingi 700,000
Ng'ombe mmoja: shilingi 1,000,000
Mabati aliyoyaweka kwa ajili ya kujenga: shilingi 300,000

Jumla ni shilingi 4,500,000.

Sasa toeni. Saba kasoro nne na nusu. Madeni yanazidi mali kwa shilingi 2,500,000.

Mtaniuliza, mbona hatukuandika nyumba, na mbona hatukuandika shamba la migomba? Swali zuri. Shamba lile ni la baba yake na la ukoo. Si mali yake, kwa hiyo hawezi kulihesabu. Kuhesabu mali ya mwingine kana kwamba ni yako ni kujidanganya. Nyumba ni yake na mkewe, na ndiyo makao ya watoto. Hatukuiandika kwa sababu hawakusudii kuiuza kwa hiari yao. Lakini jueni jambo moja: mambo yakifika mahakamani, nyumba ya mdaiwa huweza kuingizwa katika hesabu. Ndiyo maana yafaa kupatana na wadai mapema.

Tena liko jambo la sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema kwamba mume au mke hawezi kuiuza nyumba ya ndoa wala kuiweka rehani bila mwenzake kukubali. Kwa hiyo mke wa Bwana Mchukuzi alipoulizwa habari ya sahihi, hakuwa akiombwa adabu tu. Alikuwa anatumia haki aliyopewa na sheria. Akina mama, likumbukeni hili. Nanyi akina baba, msilione kuwa kizuizi. Mara nyingi mtu wa pili huona shimo ambalo wa kwanza, kwa haraka yake, hakuliona.

HATUA YA PILI: ULIZA KAMA GARI LITAJILIPA

Sasa tupime lile gari la mkataba. Malipo ya kwanza ni shilingi 3,000,000. Halafu shilingi 150,000 mara wiki 60. Zidisheni. Mmepata 9,000,000? Vema. Ongezeni zile 3,000,000. Jumla ni shilingi 12,000,000. Gari lile lile, kwa fedha taslimu, bei yake ni shilingi 8,500,000. Basi mkataba unaongeza shilingi 3,500,000 juu ya bei.

Kuongezeka kwa bei peke yake si kosa, maana anayekopesha naye hutaka faida. Lakini hatuna budi kuuliza: je, kazi ya gari itaweza kulipa?

Kirikuu ya Bwana Mchukuzi humwingizia shilingi 70,000 kwa siku, siku 5 za wiki. Hiyo ni 350,000. Sasa matumizi ya wiki:

Mafuta: shilingi 130,000
Matairi na fundi: shilingi 40,000
Ushuru na maegesho: shilingi 20,000
Utingo: shilingi 50,000

Jumla ya matumizi ni shilingi 240,000. Toeni katika 350,000. Zinabaki 110,000. Lakini mwenye gari anataka 150,000. Basi kila wiki zinapungua shilingi 40,000, na watoto bado hawajala.

Mtu mmoja darasani atasema, “Amwondoe utingo, apakie mwenyewe.” Haya, tumwondoe. Matumizi yatakuwa 190,000, na zitabaki 160,000. Akilipa 150,000 ya mkataba, anabaki na shilingi 10,000 kwa wiki nzima. Kwa hizo ale, awavishe watoto, na alipe madeni ya zamani. Haiwezekani.

Na zile 3,000,000 za mkopeshaji hatujazigusa. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi ni shilingi 600,000 kila mwezi. Baada ya miezi 5 riba peke yake imefika 3,000,000, sawa na fedha alizokopa, na deni lenyewe bado lipo palepale. Mikopo ya namna hii watu wameipa jina la “kausha damu”, na mwenye kuonja hawezi kusema jina hilo limezidi. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Liko jambo jingine la kukumbuka katika gari la mkataba. Katika mikataba ya namna hii, kwa kawaida, gari huwa bado ni la mwenye kulitoa mpaka malipo yote yamekwisha. Kwa hiyo someni kila mstari wa mkataba. Tazameni: nikichelewa wiki moja itakuwaje? Gari likichukuliwa, fedha nilizokwisha kulipa zitakwenda wapi? Gari likiharibika, nani atatengeneza? Kadi ya gari imeandikwa jina la nani? Usipoweza kusoma mkataba wote, mpe mtu unayemwamini akusomee kwa sauti. Kutia kidole gumba katika karatasi usiyoijua ni hatari kubwa, na ndiyo sababu mojawapo ya sisi kukaa darasani leo.

HATUA YA TATU: TENGA GARI NA KAZI YA GARI

Sasa tumefika katikati ya somo letu. Tafadhali sikilizeni vizuri.

Bwana Mchukuzi alidhani anahitaji gari. Lakini sivyo. Anahitaji kazi ya gari. Anahitaji nyanya zitoke Tengeru zifike mjini, na yeye apate ujira wake. Kuwa na gari ni njia moja tu ya kuipata kazi hiyo, nayo ndiyo njia yenye gharama kubwa kuliko zote kwa mtu mwenye madeni.

Ziko njia nyingine. Ya kwanza ni kuendesha gari la mtu mwingine kwa hesabu ya siku, kama wafanyavyo madereva wengi wa daladala na bajaji. Ya pili ni kukodi chombo siku za soko tu, Jumatano na Jumamosi, na siku nyingine kufanya kazi nyingine. Ya tatu ni wachukuzi wawili au watatu kutumia chombo kimoja kwa zamu, kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Tuipime njia ya kwanza. Mwenye kirikuu anataka hesabu ya shilingi 25,000 kwa siku, na yeye mwenyewe hulipia matairi na fundi. Kwa siku 5 hesabu ni 125,000. Ongezeni mafuta 130,000, na ushuru na maegesho 20,000. Jumla ni 275,000. Bwana Mchukuzi atapakia mwenyewe, akisaidiwa na wenye mizigo. Toeni 275,000 katika 350,000. Zinabaki shilingi 75,000.

Fedha hizi si nyingi, nami sitawadanganya kwamba ni nyingi. Lakini ni zake. Nyumbani watatumia 45,000, na 30,000 zitakwenda kwa wadai kila wiki. Tena gari likifa, halifi juu ya kichwa chake.

Anayeendesha gari la mwingine aangalie mambo haya: leseni yake iwe ya daraja linaloruhusu gari hilo, bima iwe hai, na gari liwe na kibali cha kazi ya biashara kutoka LATRA, mamlaka iliyoanza mwaka 2019 mahali pa SUMATRA. Na mapatano yake na mwenye gari yaandikwe, hata kama ni ndugu yake. Hasa kama ni ndugu yake.

HATUA YA NNE: WAENDEE WADAI KABLA HAWAJAKUJA

Mtu mwenye madeni hupenda kujificha. Hilo ni tabia ya binadamu. Lakini mdai asiyekuona hudhani mabaya. Hudhani umekimbia, umeuza kila kitu, au unamcheka. Mdai anayekuona na daftari mkononi hufikiri namna nyingine.

Bwana Mchukuzi na mkewe walikwenda kwanza SACCOS, kwa sababu kadi ya kirikuu ilikuwa imewekwa huko kuwa dhamana. Hili ni la lazima: gari lililowekwa dhamana haliuzwi kwa siri. Walieleza kwamba injini imekufa, wakaomba gari liuzwe kama lilivyo, na akiba yao ikatwe. Hesabu ilikuwa hivi: deni 4,200,000. Toa akiba 700,000. Toa bei ya gari 2,500,000. Likabaki deni la shilingi 1,000,000.

Kisha waliwaita wadai wengine, akiwamo yule wa mtaani, wakakutana mbele ya mjumbe. Waliuza ng'ombe na mabati, wakapata 1,300,000, wakaigawa kwa wote kwa kadiri ya deni la kila mmoja. Hawakumpa mmoja yote kwa sababu ni rafiki au kwa sababu anapiga kelele kuliko wengine. Madeni yakabaki shilingi 2,500,000. Wakaomba riba isimame, wakaahidi 30,000 kila wiki, igawanywe kwa kadiri hiyo hiyo. Gawanyeni 2,500,000 kwa 30,000. Mtapata wiki 84, yaani mwaka mmoja na miezi saba hivi.

Yule mkopeshaji wa mtaani alikataa kwanza. Mke akamwuliza kwa upole, “Ndugu yangu, naomba kuona leseni yako ya kukopesha.” Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Yule bwana alikohoa, akaomba maji ya kunywa, na baada ya hapo mazungumzo yakawa rahisi zaidi.

Mwaka na miezi saba ni muda mrefu. Lakini linganisheni na ule mkataba wa gari, ambao hesabu yake haina mwisho kabisa.

IKIFIKA MAHAKAMANI

Pengine wadai hawatakubali, au madeni ni makubwa mno. Basi liko jambo linaloitwa kufilisika kwa sheria. Watu wengi husema “fulani amefilisika” kwa maana ya kuwa hana fedha. Lakini katika sheria, mtu huwa amefilisika pale mahakama inapotamka hivyo.

Sheria yetu ya Kufilisika, Sura ya 25, asili yake ni ya mwaka 1930, wakati wa utawala wa Waingereza. Mdai aweza kupeleka maombi Mahakama Kuu, na mdaiwa mwenyewe aweza kupeleka vilevile. Mahakama ikitoa amri, mali ya mdaiwa huwekwa chini ya msimamizi. Wadai hukutana, mdaiwa huulizwa maswali juu ya mali na matumizi yake, mali huuzwa, na fedha hugawanywa. Baadaye mtu huyo aweza kuiomba mahakama imfungue, aanze upya. Ofisi ya serikali inayoshughulika na mambo hayo ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wengi wenu mnaijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Sasa mnajua maana ya lile neno “ufilisi” katika jina lake.

Je, mtu aliyefilisika aweza kubaki na gari lake? Sheria yetu humwachia vifaa vya kazi yake, pamoja na nguo na matandiko yake na ya jamaa yake, lakini kwa thamani ndogo iliyowekwa na sheria. Asitumaini kwamba gari litaingia humo.

Nchi nyingine wamelitazama jambo hili kwa namna yao. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1986 inamwachia mtu aliyefilisika gari analolihitaji kwa kazi yake mwenyewe. Lakini gari hilo likiwa la bei kubwa, msimamizi aweza kulichukua na kuliuza, na kutoa fedha za kununua jingine la bei ndogo linalotosha kazi ile. Mnaona? Hata huko, sheria haiangalii uzuri wa gari. Inaangalia kazi.

Sasa nawaonya juu ya makosa matatu ambayo watu hufanya kwa hofu.

Kosa la kwanza ni kuandikisha gari kwa jina la shemeji au la mama mkwe ili wadai wasilipate. Mahakama yaweza kuitengua hati hiyo na kulirudisha gari. Tena mwenye kuficha mali aweza kushtakiwa kwa jinai. Ulikuwa na deni, sasa una deni na kesi.

Kosa la pili ni kumlipa mdai mmoja kwa siri na kuwaacha wengine, hali unajua huwezi kuwalipa wote. Malipo hayo nayo yaweza kutenguliwa.

Kosa la tatu ni kukopa tena baada ya mahakama kutamka kwamba umefilisika, bila kumwambia anayekukopesha. Hilo ni kosa la jinai. Sema kweli kwanza, akikubali, vema.

MAHALI PA KUTAFUTA MSAADA

Usiende peke yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wanaowasaidia bure watu wasio na uwezo. Ofisi ya kata yako itakuelekeza. Muulize pia ofisa maendeleo ya jamii habari ya mikopo ya halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Lakini mikopo hii nayo ni deni, na hupewa watu kwa ajili ya shughuli ya kuzalisha. Msiichukue kwa kulipia deni la kausha damu, maana mtakuwa mmehamisha moto kutoka chumba hiki mpaka kile.

Na je, Bwana Mchukuzi hatapata tena gari lake mwenyewe? Aweza kulipata. Wiki 84 zikiisha, zile 30,000 za kila wiki hazina mdai tena. Akiendelea kuziweka SACCOS kama alivyozoea kulipa, kwa wiki 50 atakuwa na shilingi 1,500,000 za kwake. Tena wale aliowalipa watamshuhudia kwamba ni mtu wa neno lake. Siku hiyo akitaka gari, atakwenda kulitafuta akiwa na uso mkunjufu, kwa njia ya mbele, akipita palepale penye duka la vipuri.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mdai: mtu unayepaswa kumlipa.
Mdaiwa: mtu anayepaswa kulipa.
Dhamana: mali unayoiweka ili mkopeshaji aichukue usipolipa.
Riba: fedha zinazoongezwa juu ya mkopo.
Hesabu ya siku: fedha ambazo dereva humpa mwenye gari kila siku.
Kufilisika: kushindwa kulipa madeni na mahakama kutamka hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mke wa Bwana Mchukuzi aliomba daftari kabla ya kutia sahihi?
2. Kama hesabu ya siku ingekuwa shilingi 35,000 badala ya 25,000, zingebaki shilingi ngapi kwa wiki? Je, kazi hiyo ingefaa?
3. Ni vyombo gani vya uchukuzi vinavyoweza kutumiwa na watu wawili au watatu hapa penu? Mapatano yao yaandikweje?
4. Kwa nini si vema kumlipa mdai mmoja yote na kuwaacha wengine?
5. Kila mtu nyumbani kwake aandike mali na madeni yake katika karatasi. Hana haja ya kuileta darasani. Amwonyeshe mwenzake wa nyumbani.

Ndugu wasikilizaji, la tano ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo gumu. Fanyeni usiku huu huu, kabla taa haijazimwa. Kwaherini, tukutane tena katika somo lijalo.